Mshamba, Nubu na Dhambi ya Kwanza

Kwa mtu wa Unguja, kisiwa kimegawika sehemu mbili: Mjini na shamba. Mjini ni Mji Mkongwe na Ng'ambo yake. Kila kilichobaki ni shamba, hata ule ukanda wa mawe wa mashariki ambako mkarafuu hauoti. Kwa hesabu hiyo Paje, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani katika Wilaya ya Kusini, ni shamba, na mtu wa Paje akifika Darajani, huko Mjini, akasita kidogo mbele ya jambo asilolizoea, huenda akasikia anaitwa mshamba. Asili ya neno hilo haina ubaya. Linataja tu mtu anatoka wapi. Waliolitia sumu ni wale waliotangulia kuujua mji, wakakuhesabu kule kutangulia kuwa cheo. Siku hizi vijana wa Paje, kama wenzao wa Bububu, Tanga na Mombasa, wanalikuta tusi hilohilo kwa jina jingine ndani ya simu zao. Katika michezo inayochezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti, anayeingia hajui huitwa nubu. Nalo ni neno la Kiingereza lililoanza kwa kumtaja mtu mpya tu, kisha likapita njia ileile aliyopitishwa mshamba, kutoka kutaja hali hadi kumvunjia mtu heshima. Wapo watakaosema hili ni jambo la watoto, halistahili wino. Mimi naona ndani yake mna swali ambalo wanazuoni wetu walilishughulikia tangu kale, na ambalo michezo hii imelifufua kwa sura iliyo wazi kuliko kawaida: je, kujua kunampa mtu haki ya kumdharau asiyejua? Jibu langu ni hapana. Lakini sitaki kulitoa kwa pupa, maana upande wa pili una hoja zenye uzito.

Tuanze na mchezo wenyewe, kwani anayelaumu asichokijua naye anafanya dhuluma. PUBG Mobile, uliotoka 2018, huwateremsha watu hadi 100 katika uwanja mmoja wa vita, mara nyingi kwa vikosi vya watu wannewanne. League of Legends, wa kampuni ya Riot Games, uliotoka 2009, hupambanisha timu mbili za watu watanowatano, na mechi moja huweza kumla mtu nusu saa na zaidi. Wachezaji hukusanywa na mashine. Hawajuani, hawaonani uso, na baada ya mechi kila mmoja huenda zake. Katika mchezo huu wa pili, kila mchezaji anapouawa, aliyemuua hupata dhahabu ya kununulia silaha bora, kwa hiyo asiyejua hana hasara kwake tu. Anamlisha adui wa timu nzima. Ndiyo maana hasira huwaka upesi. Shirika la Anti-Defamation League la Marekani lilipowauliza watu wazima wa huko wanaocheza michezo ya namna hii, mwaka 2019, asilimia 74 walisema wameshawahi kunyanyaswa kwa namna fulani wakiwa mchezoni. Si wote walionyanyaswa kwa sababu ya ugeni, lakini ugeni ni mlango mpana wa kuingilia manyanyaso hayo. Na kwa kijana wa pwani yetu mlango huo ni mpana zaidi. Seva za michezo mingi ziko mbali, Ulaya, Ghuba au Afrika Kusini. Anabonyeza hapa, amri yake inasafiri maelfu ya kilomita, na inapofika adui ameshapiga. Wenzake wanaona mtu mzito wa mkono. Hawaoni bahari iliyo katikati. Wanamhukumu kwa kosa la waya, na hukumu yenyewe inatolewa kwa lugha ambayo pengine haielewi vizuri.

Tuache mchezo kidogo twende kwa Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye kitabu chake Ihyaa Ulumiddin kina sura nzima juu ya kiburi na kujiona. Ghazali anatenganisha maradhi mawili ambayo sisi huyachanganya. Kujiona, ambako kwa Kiarabu huitwa ujbu, kunahitaji mtu mmoja tu. Hata mtu angeumbwa peke yake duniani, angeweza kuipenda nafsi yake na kuustaajabia uzuri wake. Kiburi hakiwezekani hivyo. Kiburi kinahitaji watu wawili, mwenye kujikweza na mwenye kukwezewa, kwa sababu ladha yake yote imo katika kuiona nafsi yako juu ya nafsi nyingine. Kisha anataja mambo saba ambayo watu hutakabari kwayo: elimu, ibada, nasaba, uzuri, nguvu, mali na wingi wa wafuasi. La kwanza katika orodha ni elimu. Hilo lapasa kumshtua kila mwenye ujuzi. Tulitazamia aanze na mali au nasaba, vitu ambavyo kila mtu anajua ni hatari. Yeye akaanza na kile ambacho sote tunakisifu, kwa sababu mwenye elimu ana hoja ya kweli ya kujiona bora, na kiburi chenye hoja ya kweli ni kigumu kutibika kuliko kile cha uongo. Mchezaji aliyetumia saa elfu mbili akajua kila kona ya ramani hasemi uongo anaposema anajua zaidi. Hapo ndipo maradhi yanapopata pa kushika.

Chukua tofauti hiyo ya Ghazali uipeleke mchezoni, utaona inapambanua jambo ambalo mazungumzo ya kawaida hulificha. Anayemtukana mgeni hujitetea kwamba anaulinda mchezo: anaupenda, hataki uharibiwe. Lakini anayeupenda mchezo haja yake ni mchezo. Akikutana na asiyejua ataudhika, kama fundi seremala anavyoudhika kuona ubao umekatwa vibaya, na atatamani kwenda mahali penye wajuzi wenzake. Vipi basi tueleze tabia iliyoenea katika takriban kila mchezo mkubwa wa aina hii, ya wajuzi wa daraja la juu kufungua akaunti mpya, wakajifanya wanafunzi, ili mashine iwapange na wanafunzi wawaponde? Kampuni za michezo zinahangaika nayo miaka nenda miaka rudi. Mtu huyo ameacha wapinzani wa kiwango chake, ameacha ushindani ambao ungemnolea ufundi wake, akashuka ngazi zote kuwatafuta wale anaodai hawavumilii. Hapo haulindwi mchezo wowote. Ni kule kuhitaji mtu wa pili alikokutaja Ghazali: bila nubu, ubingwa wake hauna ladha. Anamchukia mgeni na hawezi kuishi bila yeye.

Dini yetu inahadithia kiburi cha kwanza, na ajabu ni kwamba hicho nacho kilikuwa kiburi cha mkongwe mbele ya mgeni. Iblisi alikuwa ameshakuwapo, tena katika ibada. Adamu ndiyo kwanza ameumbwa. Amri ilipokuja ya kumsujudia, Iblisi alitoa hoja. Alilinganisha asili yake ya moto na asili ya udongo ya yule mpya, akajiona bora. Wafasiri wamelijadili kosa lake kwa upana, na mara nyingi tunakumbuka ukaidi wake kwa Mola. Mimi nataka tuitazame hoja yenyewe. Haikuuliza Adamu anaweza kuwa nani. Iliuliza anatoka wapi na ameanza lini, ikakata shauri. Na kwa kweli Adamu alikuwa ameshafundishwa majina ya vitu vyote, jambo ambalo hata malaika hawakulijua. Mgeni alikuwa na elimu ambayo mkongwe hakuitazama, kwa sababu alikuwa ameshughulika na udongo. Mtume (S.A.W.), katika Hadithi iliyomo ndani ya Sahihi Muslim, alipoulizwa kuhusu mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, alieleza kwamba hilo si kiburi, kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Mambo hayo mawili yametajwa pamoja, nami nadhani hayatengani: anayemdharau mtu ameshajifungia njia ya kuiona haki iliyo mikononi mwa mtu huyo.

Ukongwe wenyewe ni nini hasa? Paje inatupa jibu zuri. Kilimo cha mwani cha kuuza nje kilianza Unguja mwaka 1989, na Paje pamoja na Jambiani vilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Mwaka huo hapakuwa na mkongwe wa kulima mwani kijijini. Wanawake, ambao hadi leo ndio wengi mno katika kazi hii, walishuka na maji ya bamvua, wakapigilia vijiti mchangani, wakafunga miche kwenye kamba kwa taitai, na kila mmoja wao alikuwa mgeni wa kazi. Leo yupo anayeijua kazi hiyo kwa miaka zaidi ya 30 na yupo aliyeanza mwezi uliopita, na kinachowatenga ni tarehe. Vivyo hivyo League of Legends siku ya kwanza ulikuwa mchezo wa nubu watupu. Aliyeingia 2009 hakuingia kwa akili kuliko aliyeingia 2024. Aliukuta mapema, au alizaliwa mapema, au nyumbani kwao intaneti ilifika mapema. Waya wa kwanza mkubwa wa chini ya bahari ulifika pwani ya Tanzania mwaka huohuo wa 2009. Kijana wa Seoul alikuwa na intaneti ya kasi miaka mingi kabla, na sasa anamcheka kijana wa Paje kwa jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelichagua.

Kuna ushahidi mwingine, wa watafiti, ambao unauunga mkono mkondo huu wa fikra kwa namna isiyotarajiwa. Mwaka 2015 Michael Kasumovic na Jeffrey Kuznekoff walichapisha katika jarida la PLOS ONE utafiti juu ya mechi za Halo 3, ambamo wachezaji walisikizishwa sauti ya mwanamke au ya mwanamume. Waliokuwa wakali zaidi kwa sauti ya mwanamke walikuwa wanaume wenye kiwango cha chini. Wenye kiwango cha juu walielekea kuwa wapole. Utafiti ule ulihusu wanawake, wala haukupima wageni wote, kwa hiyo nisiuvute kupita kipimo chake. Unachoonyesha ni kwamba katika uwanja huo makali hayakutoka kileleni, yalitoka kwa waliohofia nafasi zao. Kwa upande wao, wataalamu wa Riot Games walipochunguza matusi katika mchezo wao waligundua kwamba wachezaji wabaya wa kudumu walikuwa kama asilimia 1 tu, na walichangia kama asilimia 5 ya matusi yote. Sehemu kubwa ilitoka kwa watu wa kawaida waliokuwa na siku mbaya. Nimeitafakari sana hesabu hiyo. Ingekuwa faraja kama waovu wangekuwa genge dogo la kufukuzwa. Hesabu inasema mwenye kutukana ni mimi na wewe tukiwa tumechoka. Kisha wakafanya jambo dogo: wakalizima dirisha la kuongea na wapinzani, anayelitaka alifungue mwenyewe. Wiki moja baadaye mazungumzo mabaya yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya asilimia 30, na mazuri yameongezeka karibu asilimia 35. Ulimi uliowekewa kizingiti kidogo ulipata nafasi ya kufikiri. Wale waliokuwa wakisisitiza kwamba matusi ni tabia ya asili ya mashindano hawana jibu la hili.

Sasa tuzisikilize hoja za upande wa pili, na nianze na ile iliyo nzito kuliko zote. Inasema: ujuzi una gharama, na asiyejua anawagharimu wengine. Mtu ana saa moja tu ya mapumziko baada ya kazi, anaingia mchezoni, mgeni anamwangusha. Je, hana haki ya kukasirika? Ana haki. Sikubaliani na wale wanaohubiri kwamba viwango vyote ni sawa na kwamba kumwambia mtu amekosea ni kumuumiza. Tazama bahari ya Paje kusi linapovuma, kati ya Juni na Septemba, au kaskazi linaporudi kuanzia Desemba. Anga hujaa tiara za watu wa kaiti, wanaovutwa na upepo juu ya ubao. Mgeni wa mchezo huo akipotewa na tiara yake, kamba zenye urefu wa mita 20 na zaidi huweza kumkata mwenzake, na kwenye maji hayohayo kuna wanawake walioinamia mwani wao. Huko ujinga si jambo la kuchekea, una damu ndani yake. Ndiyo maana mgeni hupewa mwalimu, huwekwa mahali pa kina kifupi, hukatazwa kwenda peke yake. Anawekewa mpaka mkali, na mpaka huo ni sehemu ya kumpokea. Ninachokipinga ni kitu kingine kabisa. Daraja humwambia mtu yuko wapi leo na njia ya kupanda iko upande gani. Dharau humwambia hapo alipo ndipo anapostahili, na njia haimhusu. Mtu anaweza kuwa mkali wa daraja na asiwe na chembe ya dharau, na anaweza kulegeza kila daraja akabaki amejaa dharau moyoni.

Tena hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mchezo wenye daraja kali usioziba mlango. Uko barazani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64, ambazo kwa kawaida ni komwe. Mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita katika nyumba na mbilimbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi, ambazo huziingiza moja moja katika hatua ya kunamua kabla ya kuingia hatua ya mtaji. Kete moja iliyotiwa shimo lisilofaa huweza kuizungusha mikono yote hadi nyumba ikabomoka. Mholanzi Alex de Voogt, aliyewatafiti mabingwa wa bao wa Zanzibar, aliandika tasnifu nzima ya chuo kikuu cha Leiden mwaka 1995 kuhusu mipaka ya akili ya binadamu, akitumia ustadi wao. Huu si mchezo wa kubahatisha, na fundi wa bao hana haja ya kujifanya sawa na anayeanza. Lakini watu waliotunga ugumu huo walitunga pia bao la kujifunza. Kete mbilimbili katika kila shimo, kunamua kumeondolewa, watu wanaanza moja kwa moja. Ni ubao uleule, komwe zilezile, mwendo uleule wa mkono. Mtoto anayecheza bao la kujifunza hajafukuzwa kwenye bao, ameshaingia. Na akimaliza anakaa ukingoni mwa baraza akiwatazama wakubwa wakinamua, kwa sababu baraza haina mlango wa kufunga. Sisemi barazani hakuna kejeli. Ipo, na nyingine inauma. Ninasema kwamba mchezo wenyewe, katika kanuni zake, uliwahi kujiuliza mgeni ataingilia wapi, ukajijibu. Michezo ya mtandaoni nayo ina sehemu za mafunzo, tena zimetengenezwa kwa fedha nyingi. Kilichokosekana ni baraza: watu wazima wanaobaki palepale kesho, ambao mtoto atawasalimia njiani.

Hoja ya pili inasema ukali ndio mwalimu. Kila fundi alipigwa, kila msomi alionja bakora ya chuoni, na waliotukanwa wakavumilia ndio waliokuwa mabingwa. Niseme wazi kwamba sizitetei bakora. Hata hivyo, anayezitumia kama mfano ameusahau uzi uliozifunga. Maalim aliyemchapa mtoto alikuwa amempokea mkononi mwa mzazi wake, akikaa naye alfajiri na jioni, kuanzia alifu hadi siku ya khitma, na mtoto akishindwa ilikuwa aibu ya maalim pia. Ukali ule, kwa makosa yake yote, ulikuwa umefungwa katika ahadi. Anayemwandikia mgeni tusi katika dakika ya kumi ya mechi kisha akatoweka hana ahadi yoyote. Hatarudi kesho kuona kama mwanafunzi ameelewa. Kuuita ufundishaji ni kuwakosea hata walimu wakali. Ama kuhusu waliovumilia wakawa mabingwa, tunawahesabu hao kwa sababu tunawaona. Walioondoka hatuwaoni, wala hatuwezi kujua nani kati yao angekuwa bora kuliko waliobaki.

Hoja ya tatu hutolewa kwa tabasamu: ni mchezo tu, ni utani, na Waswahili tunajua kutaniana, mipasho tumeizaa sisi. Kweli tunajua kutaniana, na kwa kuwa tunajua, tunazijua pia kanuni zake. Utani una pande mbili. Mtani anakutia aibu leo kwa kuwa wewe una ruhusa ya kumtia aibu kesho, na katika makabila mengi ya Tanzania mtani huyohuyo ndiye anayekuja msibani kufanya kazi ambazo ndugu hawaziwezi kwa majonzi. Mipasho nayo ina jukwaa, ina mpinzani anayejulikana, na ana bendi ya kumjibia. Mgeni wa mchezo hana jukwaa. Hana maneno ya kujibu kwa kuwa hajayajua maneno ya hapo, na hana wa kumcheka kwa kuwa kila mtu yuko juu yake. Utani usioweza kujibiwa umeshatoka katika utani, na mwenye kuutoa anajua hivyo. Ndiyo maana haujaribu kwa mabingwa.

Hebu sasa tutazame anachopoteza mwenyeji. Mwaka 1905 ilianzishwa hapa Unguja Nadi Ikhwani Safaa, na taarabu ya wakati huo ilikuwa ya Kiarabu, sanaa ya mabwana wa Mjini. Karibu na mwaka 1911 alifika mjini mwanamke kutoka Fumba, mfinyanzi na muuza vyungu, aliyezaliwa kama mwaka 1880 na kupewa jina la Mtumwa, jina lililotangaza hali ya wazazi wake. Alikuwa mshamba kwa maana zote mbili za neno. Walimtungia wimbo wa kumkejeli kwa ushamba wake na kaniki zake, naye akawajibu kwa wimbo. Lakini kabla ya kujibu, alikuwa amefunzwa: mtu wa ndani ya duru hiyohiyo ya Ikhwani Safaa alimsomesha uimbaji na Kiarabu. Nalisisitiza hilo kwa sababu tunapenda kuisimulia hadithi ya Siti binti Saad kana kwamba aliupanda ukuta peke yake. Kuna aliyemfungulia. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili, na taarabu iliyokuwa ya kumbi za wachache ikawa ya Ng'ambo, ya Mombasa, ya Dar es Salaam. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa mwenyeji alipona kwelikweli. Sanaa iliyolindwa dhidi ya washamba iliokolewa na mshamba. Ipo methali nyingine, ya mgeni siku mbili na siku ya tatu mpe jembe, ambayo watu huitumia kumfukuza mgeni aliyekaa sana. Isome upya. Haisemi aende zake, wala haisemi atafute jembe. Inasema mpe. Yuko mtu anayeamriwa kutoa, na mtu huyo ni mwenyeji.

Atabaki mmoja wa kuniambia: yote haya ni kweli, ila kuna wakati mtu ana jambo kubwa mkononi, mashindano, daraja la kupanda, na hawezi kumshughulikia mgeni. Hoja hiyo imeshajibiwa mahali pakubwa kuliko mchezo wowote. Sura ya 80 ya Kurani inaanza kwa kisa hicho. Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakuu wa Makureshi, akitumaini kwamba wakiongoka wao, wengi watawafuata. Hakuna lengo tukufu kuliko hilo. Akaja kipofu, Abdallah bin Ummi Maktum, akitaka kufundishwa, akakatiza mazungumzo. Mtume alikunja uso, na kipofu hakuweza kuuona. Juu ya hivyo Mola wake alimkumbusha, kwa aya ambazo tunazisoma hadi leo, kwamba aliyekuja mbio akitaka kujua ndiye aliyestahili kuelekewa. Kama shughuli ya namna ile haikutosha kuwa udhuru wa kukunja uso mbele ya mtu asiyeona, nani kati yetu atasimama na udhuru wa mechi ya nusu saa?

Nawaambia vijana wa Paje mnaokesha na simu zenu, na wenzenu wa kila pwani: usiku huu mashine itawapangia mtu asiyejua. Mwonyesheni pa kusimama. Bin Ummi Maktum baadaye alihamia Madina, Mtume akawa akimwachia mji anapotoka safarini, na akamfanya mwadhini wake pamoja na Bilali. Katika Ramadhani Bilali aliadhini usiku ungali mwingi, na watu wakaendelea kula. Walioinua mikono kutoka kwenye daku walikuwa wakiisubiri sauti ya yule kipofu.